Ningu wa Mto Mara: msimwage vifaranga, lindeni njia yake

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho kando ya Mto Mara, si mbali sana na daraja la Kirumi. Nilipokuwa mtoto, kila masika nyumbani tulikula samaki aitwaye ningu, na babu alikuwa akituhimiza tule polepole kwa sababu ya miiba. Mwaka huu nimemchora ningu ubaoni, darasa zima likajibu kwamba ni sangara. Tumeunda kikundi cha watu 14 wa kujitolea kulinda mto na samaki wake. Kuna mtu mwenye uwezo ameahidi kutununulia vifaranga 5,000 vya sato tuvimwage mtoni ili samaki warudi. Baadhi ya vijana wetu wanataka tuanze kwa kunyang'anya nyavu haramu usiku. Fedha hatuna. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongereni kwa kuamua. Nitaanza na vifaranga, kwa sababu ahadi ya namna hiyo huwa haisubiri. Leo mwenye fedha ameahidi, wiki ijayo gari lenye mapipa ya maji liko kijijini na mgeni rasmi ameshavaa kofia. Ikataeni. Kwa adabu, lakini ikataeni.

Sato hahitaji msaada wenu. Ni mgeni aliyeletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, enzi zilezile ambazo sangara naye alianza kupandikizwa huku kwetu, na amestawi hadi tumesahau kwamba ana kwao. Kumwaga vifaranga 5,000 vya sato katika mto unaoingia kwenye ziwa lililojaa sato ni kupeleka chumvi baharini. Kambare watakula shibe yao siku mbili, nanyi mtabaki na picha. Hilo lingekuwa hasara ya fedha tu. Kuna hasara nyingine kubwa zaidi, na ili muielewe inabidi niwasimulie habari za ngege.

Ngege ni ndugu wa sato, ila yeye ni mwenyeji. Michael Graham, aliyefanya utafiti mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, ndiye aliyemwandika katika vitabu vya sayansi akampa jina esculentus, yaani wa kuliwa. Wakati ule ndiye aliyekuwa samaki wa biashara. Leo katika ziwa kuu hayupo, au ni kama hayupo. Amebaki katika maziwa madogo yaliyojitenga, kama Malimbe karibu na Mwanza na Kanyaboli kule Siaya, Kenya, na katika maji ya mbali alikopandikizwa, kama bwawa la Nyumba ya Mungu. Kinachomfuata hadi kwenye maficho hayo si nyavu peke yake. Sato akiingia humo anazaana naye, watoto wao nao wanazaa, na baada ya vizazi kadhaa una samaki anayefanana na ngege kwa mbali lakini damu yake ni mchanganyiko. Hakuna aliyemla, hakuna aliyemtia sumu, na bado ametoweka. Hata jina limemponyoka: pita Kisumu leo uagize ngege, utaletewa sato.

Eneo lenu la chini ya mto lina mabwawa na vidimbwi vinavyokutana na mto pale tu unapofurika. Hamjui ni kidimbwi kipi kimehifadhi wenyeji wa asili. Kwa hiyo msimwage kitu. Isitoshe, kupandikiza samaki katika maji ya asili kunahitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi, na wahisani wengi hawalijui hilo. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana mwenye cheti kipya, niliwahi kusimamia umwagaji wa vifaranga kwenye bwawa la kijiji. Tuliambiwa wote ni wa aina moja. Miaka miwili baadaye tulivua humo aina tatu na machotara wasiohesabika. Tangu siku hiyo sipendi kuona ndoo ya vifaranga kwenye sherehe.

Sasa tumrudie ningu wako.

Ningu ni wa bonde la Ziwa Victoria tu. Haishi kwa kula samaki wenzake. Mdomo wake umegeukia chini, nao anautumia kukwangua mwani na uchafu laini uliotulia juu ya mawe na matope. Mkubwa kabisa hufika kama sentimita 40. Muda mrefu wa mwaka yuko kwenye maji ya kina kifupi karibu na pwani ya ziwa, na katika mito yenyewe. Mvua kubwa zikianza, masika na tena vuli, mto unabadilika rangi na kasi, naye anapata habari. Wanajikusanya midomoni mwa mito na kupanda kwa makundi, majike yakiwa yamejaa mayai. Hawatagi katikati ya mto. Wanatafuta mahali ambapo maji yametoka nje ya kingo na kufunika nyasi. Jike kubwa hubeba mayai makumi ya maelfu. Yanaanguliwa ndani ya siku chache, watoto wanakulia humohumo kwenye majani, penye chakula na mahali pa kujificha, kisha maji yakianza kupungua wanateremka nayo kurudi mtoni na ziwani.

Soma tena aya hiyo mwalimu, ukiwa umesimama ukingoni. Utaona kwamba samaki huyu anahitaji vitu vitatu vitokee kwa zamu: mdomo wa mto uwe wazi wakati wa kupanda, uwanda uweze kufurika wakati wa kutaga, na njia ya kurudi isiwe imezibwa. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havimsaidii.

Wengi watawaambia kwamba sangara ndiye aliyemmaliza ningu. Sangara ana makosa yake mengi, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani aliowala, wangekuwa mashahidi kama wangebaki wa kutosha, lakini hili si lake. Nyavu za kutega ziliingia upande wa Ghuba ya Winam, Kenya, mwaka 1905, na kwa miaka iliyofuata zikawa zinapangwa midomoni mwa mito pale pale ningu anapojikusanya. Utafiti wa Mto Nzoia uliochapishwa mwaka 1965 ulikuwa tayari unaeleza jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka, na jinsi mitego ya jadi ya mtoni ilivyokuwa inakufa pamoja nao. Sangara alikuja kufurika ziwani miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshavunjika mgongo. Nalisema hili si kwa kumtetea sangara, ila kwa sababu linawapa nyinyi nafasi. Sangara hamumuwezi. Wavu uliotegwa na jirani yenu mdomoni mwa kijito unazungumzika.

Hali yake kwa sasa ni mbaya. Shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, limemweka katika Orodha Nyekundu kwenye daraja la walio karibu kabisa na kutoweka. Na hayuko peke yake: tathmini yao ya mwaka 2018 iliangalia spishi 651 za maji baridi katika bonde la Ziwa Victoria, na kati ya zile 204 zisizopatikana kwingine kokote duniani, asilimia 76 zilikutwa hatarini.

Mnaanzia wapi basi? Mnaanza kwa miguu. Kabla ya mvua, gawaneni watu wawili wawili, mtembee vijito vyote vinavyoingia mtoni katika eneo la kijiji chenu, mkiwa na wazee angalau wawili wanaokumbuka ningu alipokuwa akipitia. Wazee wa huku wanajua kwa majina: mbuga ipi ilikuwa inajaa, mfereji upi watoto waliokota samaki kwa mikono. Chorani ramani. Wekeni alama kila palipozibwa. Mtashangaa. Pengine ni ukuta wa mifuko ya mchanga wa mtu anayemwagilia nyanya, pengine mbuga yote imegeuzwa shamba na kuchimbiwa mitaro ya kuikausha. Na mara nyingi ni kalavati. Barabara ikijengwa juu ya kijito, maji hupitishwa kwenye bomba la zege. Baada ya mvua mbili tatu, maji yanayotoka kwenye bomba huchimba shimo chini yake na bomba linabaki linaning'inia juu kama domo la birika. Mtu akipita juu yake haoni tatizo lolote. Ningu akifika pale anagonga ukuta. Kulirekebisha si lazima iwe gharama kubwa, maana wakati mwingine ni kupanga mawe makubwa upande wa chini ili maji yapande hadi usawa wa bomba. Lakini msiguse miundombinu ya barabara bila mhandisi wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Pigeni picha, mwandikieni barua kupitia mtendaji wa kijiji, muombe aje aone. Barua moja ya namna hiyo ikizaa matunda, mmefanya zaidi ya miche 1,000.

Nimetaja miche kwa makusudi. Kila tarehe 15 Septemba tunaadhimisha Siku ya Mara, Tanzania na Kenya pamoja, na miti hupandwa. Ni jambo jema. Ila miti mingi hupandwa pale ambapo gari la mgeni rasmi linafika, si pale ambapo ukingo unabomoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo. Kama mnataka kijani katika ukanda huo, kazi ya kwanza ni kukubaliana ng'ombe wanyweshewe sehemu moja au mbili zilizotengwa, kisha acheni matete na mafunjo yaote yenyewe. Yanaota bila sherehe.

Jambo la pili, ambalo ndilo gumu na ndilo lenye thamani kuliko yote, ni yale majuma machache ya kupanda.

Samaki hawa hawapandi msimu mzima kwa kiwango kimoja. Kishindo kikubwa huja baada ya mafuriko ya kwanza ya maana, kikapungua, kikaja tena. Mvuvi anayejua kazi anazisubiri siku hizo kama mkulima anavyosubiri bei. Jike analonasa siku hiyo ni jike na mayai yake yote. Akimvua huyohuyo majuma matatu baadaye akiwa anateremka, kitoweo ni kilekile, lakini mayai yameshabaki kwenye nyasi. Ukimweleza mvuvi hivyo atakuelewa haraka kuliko ukimwambia habari za spishi na Orodha Nyekundu. Wazee niliokaa nao upande wa Rorya walikuwa wanalieleza bila sayansi yoyote: mwenye mimba mpishe apite.

Msiombe mto mzima ufungwe. Hamtapewa, na mkipewa hamtaweza kuulinda. Ombeni mahali pamoja, tuseme mdomo wa kijito kimoja kinachoongoza kwenye mbuga moja inayofurika, na muda mfupi unaojulikana: tangu mto ufike alama fulani kwenye nguzo mliyoipaka rangi hadi majuma matatu baadaye. Tumieni kina cha maji badala ya tarehe, kwa sababu mvua haisomi kalenda. Wavuvi wa mahali hapo wawe kwenye kikao tangu siku ya kwanza, pamoja na wale akina mama wanaonunua samaki ukingoni, kwa maana kufunga majuma matatu ni majuma matatu ya watoto wao pia. Mara nyingi nimeona watu wa kujitolea wakienda na jibu tayari mfukoni, wakawakuta akina mama hao wana jibu bora, kwa mfano kuhamia kijito cha pili kwa zamu, mwaka hadi mwaka.

Makubaliano hayo yapitisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji yaandikwe kwenye muhtasari. Yakishakaa vizuri msimu mmoja au miwili, kijiji kinaweza kuyageuza kuwa sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya ipitishwe. Msianze na sheria ndogo, nimeona nyingi mno zinazolala kwenye makabati.

Nije kwa vijana wako na nyavu za usiku. Wazuie mwalimu, tafadhali. Najua hasira yao, nimewahi kuona kokoro likivutwa limejaa samaki wadogo kama vidole na machozi yakanitoka. Lakini mtu wa kujitolea hana mamlaka ya kumnyang'anya mtu mali, hata iwe wavu haramu wa timba. Usiku, kwenye maji, wenye mapanga ni wengi kuliko mnavyodhani, na huko kwetu mnajua ugomvi mdogo wa ukingoni unavyoweza kugeuka wa ukoo na ukoo. Mkiwa sungusungu wa mto, msimu mmoja tu utatosha kuwafanya wavuvi wote kuwa adui zenu, na bila wavuvi hamna macho.

Njia halali ipo. Kijiji chenye mwalo kina BMU, kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, kinachofanya kazi na ofisa uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kama chenu kimelala, kiamsheni: wawili au watatu kati yenu waombe uanachama, wahudhurie vikao, waulize maswali ya hesabu. Upande wa maji yenyewe kuna jumuiya za watumia maji, zinazotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kulelewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Sheria hiyo ina kipengele ambacho kila mtu wa kujitolea angekijua: baada ya maji ya matumizi ya nyumbani, yanayofuata kwa haki ni maji ya kuuacha mto uishi, ndipo waje wenye mashamba na viwanda. Siku mtu akija na pampu kubwa wakati wa kiangazi, mtajua mnasimamia wapi.

Kuna wavu mmoja ambao hauhitaji polisi, nao ni chandarua. Masika, kwenye mbuga zilizofurika, watoto hukokota vyandarua vya mbu wakipata samaki wadogo wa kukaanga. Sehemu ya samaki hao ndio ningu wa mwaka unaofuata. Wanaokokota ni wanafunzi wako. Hapo wewe una mamlaka kuliko ofisa uvuvi.

Jambo la tatu ni daftari. Nchi hii ina mito mingi na watafiti wachache. TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wakija Mara, wanakaa siku kadhaa wanaondoka. Nyinyi mpo mwaka mzima. Hamhitaji kuvua hata samaki mmoja: nendeni ukingoni asubuhi wavuvi wanaporudi, ombeni ruhusa, mpime samaki aliyekwishavuliwa. Andikeni tarehe, mahali, kina cha maji kwenye nguzo yenu, aina ya mtego, saa ambazo mtego umekaa majini, idadi ya ningu, urefu wa kila mmoja na kama ana mayai. Siku ambayo hamkupata ningu yeyote iandikeni vilevile. Wengi huiruka, na bila hiyo sifuri hakuna anayeweza kujua kama samaki anaongezeka. Pigeni picha ya samaki akiwa ubavuni pa rula. Kwa jamaa wa sato, pigeni picha mkia: sato ana mistari ya wima iliyopangika kwenye pezi la mkia, ngege hana. Mkipata mmoja asiye na mistari kutoka kidimbwi kilichojitenga, msile kabla ya kumpigia picha, na pelekeni habari TAFIRI Mwanza haraka.

Wanafunzi wanaweza kupima maji bila kuingia majini. Chota maji kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, mahali palepale kila Jumatatu, iweke dirishani karibu na ya wiki iliyopita. Baada ya mvua moja darasa lote litaona udongo wa mashamba yao unavyohama. Halafu kuna wadudu. Wataalamu wa hapa nchini wana mfumo uitwao TARISS wa kuupa mto alama kwa kuangalia wadudu wanaoishi kwenye mawe na majani. Toleo la shule ni rahisi: chujio la jikoni, sahani nyeupe, maji kidogo. Ukiona watoto wa kereng'ende na vile vijidudu bapa vyenye mikia mitatu, mto unapumua. Ukiona vijiminyoo vyekundu tupu, hewa imepungua. Tahadhari moja tu: maji yanayotoka kwenye mafunjo huwa na hewa kidogo kwa asili, kwa hiyo msilinganishe kwenu na vijito vya mawe vya juu. Linganisheni mahali na mahali hapohapo, mwezi kwa mwezi.

Daftari hilo litawasaidia siku samaki watakapokufa. Mtakumbuka Machi 2022, maji ya Mara yalipogeuka meusi na samaki kuelea. Wengi walishuku migodi. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na uozo wa mimea, na mitaani watu wakacheka. Sitaingia katika ubishi ule, ila niseme kwamba maji kukosa hewa kwa sababu ya kinyesi si hadithi. Upande wa Kenya wa mto huu kuna viboko zaidi ya 4,000, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba wanaingiza mtoni kilo zipatazo 8,500 za mabaki kila siku. Kiangazi uchafu huo unatulia kwenye madimbwi, mvua ya ghafla inausomba kwa pamoja, hewa inaisha majini na samaki wanakufa maili nyingi chini. Na sumu nayo ipo. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu kuvua kwa viuatilifu vya mashambani. Kwa macho huwezi kuamua ni kipi. Ndiyo maana siku hiyo mnaandika saa, rangi, harufu, aina za samaki na ukubwa wao, kama walikuwa wanahema juu ya maji alfajiri kabla ya kufa, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Mnachota maji kwenye chupa safi ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni, mnaiweka mahali pa baridi, mnapiga simu kwa ofisa uvuvi, bodi ya bonde na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Samaki hao hawaliwi. Mkiwa na kumbukumbu za wiki zilizotangulia, wataalamu watawasikiliza, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuwa nazo.

Usalama sitauzungumzia kwa urefu, mnaishi nao. Mamba hana habari kwamba unajitolea. Kiboko usimkute njiani kati yake na maji, hasa jioni na alfajiri. Mnachokisahau ni kichocho: konokono wa pembezoni hutoa vijidudu vyake zaidi jua likiwa limepanda, kwa hiyo anayelazimika kukanyaga maji avae buti za mpira, na kikundi kizima kipime afya mara kwa mara. Watoto wabaki nchi kavu.

Posho. Lazima tuiseme, kwa sababu ndiyo inayoua vikundi vingi. Huko vijijini tumezoeshwa kwamba anayekuja na fulana anakuja na posho, na fulana zikiisha kikundi nacho kinakwisha. Watu 14 ni wengi. Kama mkibaki saba wanaokuja kweli, mna kikundi imara. Gawaneni zamu ndogo: kila mtu asubuhi moja kwa wiki wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi. Kazi za nguvu, kama kuondoa taka zilizoziba kijito, zipelekeni kwenye msaragambo wa kijiji badala ya kuzibeba peke yenu.

Na yule mwenye vifaranga msimpoteze. Mrudieni na orodha fupi: buti jozi saba, jaketi okozi mbili, rula ndefu tano, daftari ngumu, mizani ya kuning'iniza, nguzo ya kupimia kina na rangi yake, salio la simu. Ni nafuu mno kuliko vifaranga. Akisema anataka samaki tu, mwambieni ningu anaweza kuzalishwa kitaalamu, watafiti wa Uganda walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini kazi hiyo ni ya kituo chenye maabara, kwa wazazi waliovuliwa katika mto uleule, na haina maana kama mdomo wa kijito bado umezibwa kwa nyavu.

Kuhusu mchoro wako ubaoni: ufute, umchore upya. Mdomo uangalie chini kama mtu anayelamba sahani, na mgongoni usimtie ile miiba mikali iliyosimama, maana hiyo ndiyo iliyowafanya waseme sangara. Afadhali zaidi, vuli ikianza, mwombe mvuvi mmoja akuazime ningu kwa nusu saa kabla hajafika sufuriani, umpeleke darasani kwenye beseni. Na mlipe mvuvi huyo kitu kidogo, maana amechelewa soko.